Namba Tisa ni Watu Wawili

Huruma, Nairobi
8 Novemba 1983

Kwako mwenzangu Nzembi,

Salamu nyingi zikufikie huko Kitui, wewe na mama na wote wa nyumbani. Mguu wa mama unaendeleaje? Mjomba wako Kiilu ameniambia ameanza kusimama kwa mkongojo na amerudia kugombana na kuku wake, nikafurahi, maana mgonjwa akishaanza kugomba amepona. Sisi huku ni wazima. Mama yangu bado yuko kwenye kiwanda cha biskuti, bado miguu inamvimba kwa kusimama, na kila Jumapili anauliza yule binti Mkamba anayemaliza ugali wote sufuriani atarudi lini.

Barua hii nampa Mjomba Kiilu aje nayo kwa lori lake, kwa sababu posta itatuchelewesha na jambo lenyewe ni la haraka. Ni habari ya kazi. Isome mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Chama cha michezo ya vyuo kimebandika orodha ya walioongoza msimu huu katika mpira wa kikapu. Chuo chetu cha makarani, ambacho walikuwa wakikicheka kwamba tunachojua ni kupiga taipu tu, kimetoa watatu! Batulo ameongoza kwa ribaundi, kila mpira uliokosa kikapu ukiishia mikononi mwake, na hilo halikumshangaza mtu, msichana mrefu vile. Koki ameongoza kwa pasi zinazozaa vikapu, na tangu siku hiyo hakupitishii hata chumvi mezani bila kukukumbusha. Kwa pointi ameongoza namba tisa, wastani wa pointi ishirini na mbili kila mchezo. Na mbele ya namba tisa wameandika jina langu.

Namba tisa, Nzembi! Si unajua namba tisa ni nani? Wewe ndiye uliyenisimanga kuliko wote siku jezi tatu za timu zilipoibiwa kwenye kamba yetu hapa Huruma. Ulisema mtu anayeanika mali ya chuo nje akaenda sokoni kupiga porojo hafai kukabidhiwa hata soksi. Sikatai, zamu ya kufua ilikuwa yangu. Jezi yako ya kumi na mbili ikaenda na wezi, na Mwalimu Ochola akaamua kwamba wanaocheza nafasi moja wagawane. Ukawa unavaa yangu nusu ya kwanza, kisha unaivua nyuma ya bafu ikiwa imelowa chapachapa, nami naivaa hivyo hivyo kwa nusu ya pili huku nikilaani. Marefa walifumba macho kwa sababu vyuo vingine navyo vilikuwa na shida zao. Karani wa meza aliandika namba iliyofunga, hakuangalia uso. Basi msimu mzima tumefunga sote wawili, na pointi zote zikaingia kwa Nakhumicha.

Mimi sikuyawaza hayo nilipoiona orodha. Nisikudanganye, nilijiona kweli kweli. Nilitembea pale chuoni shingo juu, nikamsikia msichana wa mwaka wa kwanza akimwambia mwenzake yule ndiye, nikapunguza mwendo ili amwonyeshe vizuri. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mazoezi ya jioni ile sikufunga kitu, Mwalimu Ochola akaniuliza kama nimeanza kuvaa miwani.

Jumatatu ya wiki iliyopita akaja mgeni, Bwana Kilonzo, msimamizi wa michezo wa Shirika la Mabohari. Unaikumbuka timu yao ya akina dada, wale wenye viatu vipya kila msimu. Alikuwa na ile orodha mkononi. Alisema shirika lina nafasi mbili za karani wa taipu kuanzia Januari, moja ya anayeongoza kwa ribaundi na nyingine ya anayeongoza kwa pointi, na kila mmoja atapewa nyumba ya shirika, yenye maji ndani. Koki aliambiwa wa kupasia wanao tayari, akalia hadi tukamnunulia soda. Mimi niliambiwa nitayarishe vyeti vyangu.

Nilipomweleza Mama alipiga vigelegele, majirani wakadhani nimeposwa. Papo hapo akaanza kuhesabu nani atalala chumba gani, na akasema sasa ataacha kiwanda, miguu ipumzike. Tangu nizaliwe sijamwona amefurahi namna ile.

Siku mbili nilinyamaza. Siku ya tatu nilimwendea Mwalimu Ochola nikamkumbusha habari ya jezi. Masikini, alikuwa amekwisha kusahau. Alijikuna kichwa, kisha akauliza kati yetu ni nani aliyefunga zaidi. Ebu niambie, hilo nani analijua? Batulo alisema ni mimi. Koki, ambaye ndiye aliyekuwa akitupasia sote wawili, alisema ni wewe, tena bila hata kufikiri. Sijamsemesha tangu hapo.

Basi nikatembea mpaka Industrial Area, ofisini kwa Bwana Kilonzo, nikamwambia namba tisa ni watu wawili. Kwanza alicheka. Alipoona sicheki akaacha. Alisema hawezi kuajiri watu wawili kwa nafasi moja, wala hawezi kuajiri jezi. Ameamua hivi: Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, tufike sote kwenye uwanja wa shirika. Atatupanga pande mbili pamoja na wachezaji wake, wewe huku na mimi kule, na atakayemridhisha ndiye atakayeajiriwa. Akaongeza kwamba kama atafika mmoja tu, hatauliza habari za mwingine, atampa huyo huyo.

Hapo ndipo Mama alipokasirika. Aliniita mjinga mara nyingi sana. Alisema fimbo ya mbali haiui nyoka, Nzembi yuko Kitui anamuuguza mamake, nami niko hapa, sasa namtafutia nini mtu ambaye hata hajui kuna kazi? Alisema ninyamaze tu mpaka Jumamosi ipite, na hakuna atakayenilaumu. Hajui kwamba naandika barua hii. Nimemwambia ni mazoezi ya hati mkato.

Sasa Nzembi, usidhani nimekuwa mtakatifu. Kazi hii naitaka. Naitaka kwa ajili yangu na kwa ajili ya miguu ya Mama, na kukuandikia kumenichoma roho. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Kila nusu ya kwanza, nikiwa nimekaa kwenye benchi, wote walikuwa wakikushangilia, nami nikipiga makofi pamoja nao. Moyoni nilikuwa nakuombea ukose. Timu yangu mwenyewe, rafiki yangu mwenyewe, namwomba Mungu mpira wako utoke nje, ili nikiingia mimi ndiye nionekane. Na hukukosa. Nilikuwa naomba nawe unafunga tu. Ndiyo maana Koki aliposema ni wewe nilikasirika vile, kwa sababu naogopa kwamba ni kweli.

Kwa hiyo njoo. Mjomba Kiilu anarudi Nairobi Ijumaa ya tarehe kumi na nane, panda naye. Dada yako Mukai amwangalie mama hizo siku mbili, wala asiache kumfunga mguu vizuri. Usidhani nitakuachia. Kila asubuhi nafanya mazoezi kabla ya darasa, na siku hiyo nitakuziba njia kwa mabega na viwiko, refa akipiga filimbi apige. Ukinishinda nitalia mbele ya watu bila haya, kisha nitakwenda nyumbani nikamweleze Mama mwenyewe.

Usipokuja, kazi nitaichukua. Nitahamia nyumba yenye maji ndani, nitakaa kwenye kiti cha shirika, na sitajua kamwe kama ni changu au ni chako. Hilo, Nzembi, sitakusamehe.

Unisalimie mama yako kwa heshima zote, na Mukai, na wadogo. Huku Mama angekusalimu kama angejua naandika, na Batulo anasema ukija ulete asali. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane.

Njoo unishinde kama unaweza.

Ni mimi mwenzako,
Nakhumicha