Wapangaji Wananiletea Maziwa, Mume Kahamia Sindeni

Mpendwa Shangazi Yasinta, naomba unisaidie nimrudishe mume wangu kabla mwezi huu haujaisha, maana asiporudi nitakuwa nimempoteza yeye na wapangaji wangu kwa mpigo mmoja, na kosa langu hasa ni lipi mpaka leo sijaliona.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, naishi Kwamndolwa hapa Korogwe, nauza chai. Nilianza na chupa moja ya chai na beseni la maandazi pale stendi, sikuachiwa kitu na baba wala sikupewa mtaji na mume, na leo nina banda la matofali lenye meza nane, na uani nimejenga vyumba viwili vya kupangisha. Sisemi haya kwa kujisifu, nasema ili ujue anayekuandikia ni mtu ambaye hesabu huwa hazimshindi. Mume wangu ni Awadhi, baba Husna, alikuwa dereva wa lori mpaka mgongo ukamkatalia, na tangu aache lori sijamsimanga hata siku moja, anakula, anafuliwa, na kazi yake nyumbani ilikuwa moja tu, kwenda asubuhi kwa baiskeli mpaka njia panda ya barabara ya Handeni kuchukua maziwa ya chai kwa mama wa Kimasai anayeitwa Noonkipa.

Sasa wapangaji. Ni vijana wawili wamisionari wa lile kanisa la Wamormoni, mmoja katoka Amerika, mrefu mpaka anainama mlangoni, mwingine Mkongo wa Lubumbashi, wote hawajafika miaka ishirini na mbili, na wameacha kwao kwa miaka miwili kuhubiri bila mshahara. Kifuani wana vibao vyeusi vimeandikwa Mzee Yordani na Mzee Ilunga, ndivyo kanisa lao linavyowaita, na siku ya kwanza mume wangu alivisoma, akavua miwani, akavisoma tena, akaniambia, "Mama Husna, koti langu la harusi limemzidi umri mzee huyu." Lakini wakamwamkia shikamoo babu kwa adabu, akaridhika, wakawa marafiki.

Ni vijana safi, sina la kuwasema. Alfajiri wameshaamka, wanapiga magoti, kisha wanaruka kamba uani mpaka kuku wangu siku hizi wanataga kwa jirani, wanasoma vitabu vyao, halafu wanavaa mashati meupe na tai kwenye vumbi hili la kwetu, kofia ngumu kichwani, wanapanda baiskeli kwenda kugonga hodi kwa watu, na hodi nyingi hazifunguliwi, jioni wanarudi wekundu kama tofali lakini wanacheka. Hawatengani kabisa, ndiyo sheria yao, chumvi ikiisha wanakwenda wawili kununua pakiti moja. Jumatatu wanafua na kupiga simu makwao, na Jumatatu moja mama yake Yordani aliniona kwenye simu akaniuliza kitu kwa Kiingereza, Ilunga akanitafsiria, "Anauliza kama mtoto wake anakula." Nikasema mwambie anakula cha watu watatu, yule mama akalia, na mimi nikajikuta nalia, tangu hapo nimewahesabu wanangu, ingawa wao wana dini yao na mimi yangu na hakuna aliyemsumbua mwenzake kwa hilo.

Kasoro yao ni kwamba hawanywi chai, dini yao imewakataza. Fikiria, Shangazi, mwenye banda la chai ana wapangaji wawili, na wote wawili hawagusi chai, wateja wakaanza kuniuliza, "Mama Husna, kuna nini humo ambacho wanao wa uani wanakijua?" Yordani akasikia, akaona anisaidie, akasimama katikati ya banda langu saa ya wateja wengi akawaeleza kwa Kiswahili kizuri tu kwamba chai yangu haina ubaya, ila Mungu hataki watu wanywe chai. Nikamshika mkono nikamtoa nje taratibu.

Na hilo ndilo tatizo lao la pili, wanapenda mno kusaidia. Kila siku ni "Mama, tukusaidie nini leo?" Ukiwaambia hakuna, wanasimama pale pale wanakutazama kama ndama. Basi nikatumia akili yangu. Awadhi alikuwa akitoka na dumu la maziwa saa kumi na mbili asubuhi anarudi saa mbili na zaidi, na hiyo ni njia ya nusu saa kwenda na kurudi kwa mtu mwenye miguu, mimi huku namsubiri na moto unaniishia. Na uani nina baiskeli mbili na miguu minne ya bure inayoniomba kazi. Nikamwambia mume wangu, "Baba Husna, kuanzia kesho pumzika, vijana watakuwa wanachukua maziwa."

"Nimekuambia nimechoka?"

"Na mgongo wako je?"

"Mgongo ni wangu."

Nikaona ni maneno ya kiume tu. Kesho yake vijana wakaenda, wakarudi maziwa bado yana povu, na nilifurahi sana. Nikamnunulia mume wangu kiti cha mto, nikakiweka barazani, nikamwambia kaa hapa, mfalme. Akakikalia. Asubuhi ya pili akakikalia, akawaangalia wanaondoka, akawaangalia wanarudi, Yordani akamwambia, "Babu, wewe pumzika tu." Siku ya tatu nikamkuta kavaa, begi mkononi, akasema, "Mama Husna, vijana umeshapata. Naenda kwa dada Maryamu Sindeni, nikamsaidie kupalilia ufuta." Mtu wa mgongo, Shangazi, kaenda kuinama kwenye ufuta, wakati kiti cha mto kipo.

Nikadhani ni hasira za wiki moja. Zimekuwa tano. Kila siku nikimpigia simu anajibu salamu vizuri, anauliza Husna hajambo huko Dar, halafu anauliza, "Maziwa yanafika mapema?" Namjibu yanafika mapema sana, anasema, "Haya," anakata. Kila simu ni hivyo hivyo. Vijana nao wakampigia kumwomba radhi, ingawa hawajui wanaomba radhi ya nini, Yordani akamwambia, "Babu, tunakuombea," akajibiwa, "Niombeeni mvua, ufuta unakauka."

Jirani yangu Rosa anatangaza mtaani kuwa mume wangu kakimbia asije akabatizwa. Wengine wanasema ana wivu na vijana, jambo ambalo nilicheka mpaka nikaketi chini.

Lakini sasa sicheki, kwa sababu wapangaji wana sheria nyingine, hawaruhusiwi kukaa kwenye nyumba ya mwanamke ambaye mumewe hayupo. Walivumilia wakidhani atarudi, sasa mkubwa wao kawapigia simu, amewapa mpaka mwisho wa mwezi, babu asipoonekana wahame. Hata sasa nikiwa peke yangu hawaingii barazani, wanasimama nje ya ua wanazungumza nami kupitia majani, Yordani kichwa kinaonekana, Ilunga nasikia sauti tu. Jana Ilunga kaniambia kwa huzuni, "Mama, sisi hatutaki kuhama, ila bila babu hatuwezi kubaki." Na mimi nikishafunga banda nabaki na kiti kile, hakuna wa kukikalia.

Juu ya hayo biashara nayo imelegea, nilikuwa namaliza chupa sita kabla ya saa nne, sasa nne zinanitosha na nyingine nainywa mwenyewe, maziwa yale yale, sukari ile ile, wateja wanakunywa haraka wanaondoka, sijui ni ule mhadhara wa Yordani au ni nini.

Shangazi, nimempunguzia mtu kazi, nimemnunulia kiti, kanihama. Nimfuate Sindeni au nimsubiri? Na nikimfuata nimwambie nini, maana siwezi kuomba radhi kwa kosa nisilolijua.

Ni mimi Hamisa, mama Husna, Kwamndolwa.

SHANGAZI YASINTA ANAJIBU

Mama Husna, pole. Ishike vizuri hiyo pole, kwa sababu katika majibu haya hutapata nyingine.

Unasema kosa hujaliona, na umeliandika mwenyewe kwa mkono wako. Mumeo alikuwa na kazi moja nyumbani. Moja. Ukaichukua ukawapa wapangaji, halafu ukamwekea kiti cha kukalia awatazame wakiifanya kwa haraka kuliko yeye. Mama, wewe ungekaa? Siku Husna akija kutoka Dar akakwambia, "Mama, nimeleta mpishi wa chai, wewe kaa barazani, malkia," utamshukuru au utatafuta shamba la ufuta?

Umepiga hesabu ya njia ukapata nusu saa, na iliyobaki ukaiandika hasara. Hukuuliza mzee wa watu alikuwa wapi muda wote huo. Nitakwambia alikuwa wapi, na sijafika Kwamndolwa. Alikuwa njia panda, kaegemeza baiskeli, anaongea na Noonkipa na kila dereva anayesimama, kama alivyoongea na madereva wenzake maisha yake yote. Huyo ni mtu wa barabara aliyenyang'anywa lori na mgongo. Ile saa moja na nusu uliyoiokoa ndiyo ilikuwa lori lake.

Na biashara yako usimsingizie Yordani, wala sukari. Watu hawakai kwenye banda la chai kwa ajili ya chai, chai kila mtu anayo nyumbani kwake. Walikuwa wanamsubiri Awadhi aingie na dumu na habari za Handeni. Vijana wanaleta maziwa, wanasema asante mama, wanakwenda kusali. Sasa mteja abaki afanye nini, asome ukuta?

Mwenzio anakuuliza kila siku kwenye simu kama maziwa yanafika mapema, na wewe kila siku unamjibu sana. Alikuwa anakupa nafasi ya kusema yanachelewa, mama. Wiki tano nzima.

Sasa sikiliza. Kesho usifungue banda. Panda gari la Handeni, ushuke Sindeni, peke yako, vijana wabaki na kiti kibaki. Ukifika usianze na habari za wapangaji wala mwisho wa mwezi, atajua umemfuata kwa ajili ya kodi. Chukua jembe umsaidie wifi yako Maryamu kupalilia mpaka jua liwe kali, maana mumeo amekula kwake wiki zote hizi na mgongo ule sidhani kama umeng'oa magugu mengi. Mkipumzika, mwambie umekosea kuwapa wengine kazi yake bila kumuuliza. Useme hivyo hivyo, kwa kifupi, usiongeze neno "lakini". Mgongo wake usiutaje. Halafu mwambie wateja wanamuulizia, jambo ambalo ni kweli, nenda ukawaulize leo jioni uone.

Wale vijana nawaonea huruma, wametoka mbali na nia yao ni njema. Wewe Yordani, wewe Ilunga, mkisomewa gazeti hili, swali lenu ni zuri lakini limekosa nusu. Mkiuliza tusaidie nini, ulizeni pia kazi hiyo ni ya nani. Dumu mlirudishe ninyi wenyewe mkononi mwa babu, mmwambie njia ile imewashinda. Kama dini yenu hairuhusu kusema uongo, mwambieni mnashindwa kuongea na Noonkipa kama anavyoongea yeye, na huo ni ukweli mtupu. Mikono ikiwawasha, muosheni mama masufuria. Masizi ya masufuria hayajawahi kumtia mtu uchungu kwa kunyang'anywa. Na habari za chai mkazihubiri kwenye nyumba isiyouza chai.

Na wewe Awadhi, gazeti likifika Sindeni, mtu mzima akiumia husema. Kuuliza habari za maziwa kwa simu kila siku halafu kukata si kusema. Mke wako ana akili ya namba, mambo mengine mpaka aambiwe, basi mwambie.

Rosa mwache aseme anachotaka.

Mama Husna, mumeo atarudi nawe, sina wasiwasi, nyumba ambayo watu wanapigiana simu kila siku haijavunjika. Kinachonitia wasiwasi ni wiki ya pili baada ya kurudi, saa mbili kasorobo asubuhi, moto unawaka, maji yanachemka, maziwa hayajafika na akili yako imeanza kupiga hesabu. Siku hiyo wape wateja wa mwanzo chai ya rangi. Baiskeli ikisikika langoni, usimuulize alikuwa wapi. Sogeza kiti, mmiminie, na umuulize ng'ombe wa nani kazaa.