Mbili Yangu Waliyoigeuza Tano

Mtaa wa Sigar,
Tanta.
Jumatano, 9 Novemba 2022.

Mpendwa dada Inshirah,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na shemeji na watoto. Goti je, bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na anagombana na jirani kama kawaida, kwa hiyo usimwazie sana.

Uliniuliza mbona siku ile nilikuwa nafoka kwenye simu. Sikuweza kueleza, Mama alikuwa ametega sikio. Sasa nakuandikia yote.

Nimetimiza miezi saba bila kidonge hata kimoja cha tramadoli. Kila mwezi kituoni, tunakotibiwa uraibu wa vidonge hivyo, tunapimwa mkojo, kisha tunajaza fomu ya maswali ishirini. Fomu hiyo niliipenda, dada, kwa sababu hapo mgonjwa anasema mwenyewe anavyojiona. Unalala? Unakitamani kidonge? Una mtu wa kuzungumza naye? Moja ni hali mbaya, tano ni nzuri. Kwenye usingizi niliandika mbili. Kuaminiwa nyumbani nako mbili, maana Mama bado anaficha dawa zake za mgongo. Sikuona haya. Niliamini kuna mtu anasoma.

Mwezi uliopita walikuja wageni wakubwa, ukutani pakabandikwa chati ya matokeo, kila mgonjwa kwa namba yake. Yangu ni thelathini na moja. Nikakuta tano. Usingizi tano, kuaminiwa tano, kila kitu tano! Na Ramzi, yule fundi rangi niliyekaa naye chumba kimoja, naye tano tupu, wakati aliniambia wazi kwamba kwenye hamu ya kidonge aliandika moja.

Nikamfuata Dakta Nashaat, mkuu wa kituo, mbele ya wageni wake.

"Dakta, nani kaandika haya?"

"Wagdi, ndugu yangu, mkojo wako msafi. Unataka nini tena?"

"Nataka mbili yangu!"

Watu wakacheka. Akanivuta pembeni, akasema wagonjwa hatujui kujipima, tunajihukumu vikali mno, kwa hiyo wao wanasawazisha. Wanasawazisha! Nimetandika vigae miaka ishirini, na sijawahi kumwambia mwenye nyumba sakafu imenyooka huku yeye anajikwaa.

Karatasi yenye tano zile zile ikapelekwa nyumbani kwa kina Ramzi. Mama yake akasomewa, akashukuru Mungu, akaacha kumwangalia, akarudi kazini kiwandani. Wiki mbili baadaye Ramzi akaanguka bafuni. Vidonge. Aliponea chupuchupu. Nilipofika hospitali yule mama alinikamata kola: "Si walisema amepona? Si waliniandikia amepona?"

Tukaenda naye kituoni. Muuguzi Awatif ndiye aliyetuokoa, kwani fomu zetu zenyewe hakuzitupa. Alizitoa kabatini mbele ya dakta. Mama Ramzi hajui kusoma, nikawa namsomea majibu ya mwanawe, moja baada ya jingine. Mwisho kabisa, palipoachwa nafasi ya maneno, Ramzi aliandika: "Naomba mtu aniulize kuhusu hii moja."

Dakta akaangalia viatu vyake. Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Mama Ramzi akaniwahi.

"Mwache. Hayo maneno ya mwanangu ayasome yeye. Kwa sauti."

Akasoma, dada. Akaambiwa hakusikika, akasoma tena.

Chati wameiondoa. Dakta bado yupo, na hasira yangu naye haijaisha, sikufichi. Lakini sasa Awatif anasoma kila fomu siku hiyo hiyo, na aliyeandika moja au mbili anapigiwa simu kabla ya jioni. Ramzi ametoka hospitali Jumapili. Amekonda, maharage ya ful anakula vijiko viwili anasukuma bakuli. Nilikwenda kukaa naye.

Nisalimie sana shemeji Lutfi, Dina na mdogo wake Hazim. Mama na shangazi Bahiga wanakuombea kila swala. Mungu akutunze huko ugenini na akurudishe kwetu salama. Na watu wetu wa huko wakikuuliza habari zangu, usiwaambie nimepona. Waambie bado natibiwa.

Mdogo wako akupendaye daima,
Wagdi