Mfuko Usio na Bitana

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo? Na magoti je? Mimi mzima, ila miguu inawaka moto kwa kusimama wodini. Vichanga njiti, wale wa uzito mdogo, siku hizi hatuwaachi peke yao kitandani. Mama anamfunga mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, kutwa kucha. Wanapona, Mama! Daktari mkuu kaona kwa macho yake, katuongezea chumba cha pili. Sasa tumepungukiwa mifuko ya kuwabebea. Nishonee ishirini, pamba laini.

Mwanao,
Kidole

19 Machi

Kidole wangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika, siyasikilizi. Mifuko hiyo, nimempa dereva wa basi. Nimetia bitana nene, maana mfuko bila bitana ni aibu ya fundi. Najivunia wewe, mwanangu. Niliambiwa humalizi wiki, leo unalea wa wenzio!

Mamako, fundi cherehani

24 Machi

Mama, shikamoo.

Habari za huko? Usinune. Mifuko ni mizuri hadi muuguzi mkuu kaomba mmoja atilie miwani. Lakini bitana inakaa kati ya mtoto na kifua, ngozi haigusi ngozi! Kosa langu, ningesema mkanda wa kumfungia mtoto kifuani, si mfuko. Tumefumua bitana ya mmoja kwa wembe, tukambebea Robo.

Robo ana kilo moja na robo. Mama yake amepasuliwa, bado hajitambui. Baba mtu ni mwashi, alikuja na saruji kwenye kucha. Nikamwambia avue shati. "Dada, mimi sina maziwa!" Nikamjibu, joto unalo. Akaoga, akambeba, akalia. Mwanamume yule nimemvulia kofia, siku nne hajamshusha ila kwenda msalani.

Ila bosi wake kasema Ijumaa asiporudi kazini, kazi hana. Robo akilazwa peke yake anasahau kupumua. Wauguzi tuko watatu kwa vyumba viwili. Kifua chochote chenye afya kinafaa, hata cha shangazi au bibi, lakini wale hawana ndugu hapa. Naogopa, Mama.

Kidole

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu, chai ikapoa.

Ulidhani tunakuita Kidole kwa udogo wako? Walikuweka kwenye sanduku la kioo, wakaniruhusu kupitisha kidole kimoja tunduni. Ulikishika siku arobaini na moja. Kifua nilikuwa nacho, mwanangu, hakuna aliyekiomba. Ninyi mmeliona hilo. Mungu awape maisha marefu.

Hiyo mifuko iliyobaki msiiguse kwa wembe wenu, mtaniharibia kazi. Nitafumua mwenyewe, nimekaa kitini na mtoto kifuani. Magoti hayahusiki hapo.

Usijibu. Barua hii inatangulia na basi la leo, mimi napanda la kesho. Mwambie mwashi Ijumaa aende kazini.

Ni mimi,
Bibi yake Robo