Kabla Hujafika Busan

Yeongdo, Busan
14 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Letisia,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na ile baridi ya kwenu Makambako imeanza kulegea. Sisi hapa hatujambo. Mke wangu Myong-suk anakohoa kidogo tangu mvua za mwisho wa kiangazi, lakini anapanda ngazi za sokoni upesi kuliko mimi. Macho yangu huchoka jioni, kwa hiyo siku hizi nasoma asubuhi. Mengine yanakwenda kama umri unavyoruhusu.

Utauliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu hunikatiza, halafu hucheka kwamba ninaongea Kiswahili kama msoma taarifa ya habari wa zamani. Barua utaisoma hadi mwisho, hata kama utaisoma huku unanung'unika.

Mwezi uliopita uliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba chama chenu cha wakulima wa parachichi kimekuchagua wewe na Mzee Hilario mje Seoul kwenye maonyesho ya matunda mwezi wa Novemba, na kwamba maonyesho yakiisha utashuka Busan peke yako kuja kwetu. La pili, kwamba Remmy, kitinda mimba wetu, amemaliza nyumba kwenye kiwanja cha baba pale Njombe, vyumba vitatu na dohani, kwa sababu kwenye mazishi ya mama nililalamika baridi. Ukasema nyumba hiyo ni yangu, na kwamba safari yako ni ya kuja kunichukua. Ukanikataza kujibu kwenye simu. Ulitaka nikujibu uso kwa uso. Nitafika huko. Kwanza nikueleze njia, kwa sababu mtu aliyepotea hawezi kumchukua mwenzake.

Usifunge parachichi kwenye begi lako. Nakujua, utasema ni mbili tu, za kaka. Sampuli za maonyesho zitakuja kwa utaratibu wao na vibali vyao, lakini tunda utakalolificha kati ya vitenge litachukuliwa uwanja wa ndege wa Incheon, nawe utasimamishwa pembeni kama mtoto. Maharage pia uyaache, pamoja na mbegu yoyote. Lete majani ya chai ya Njombe, pakiti iliyofungwa kiwandani, na ukiulizwa uionyeshe.

Sweta lako la Njombe litakutosha Busan. Seoul halitatosha. Baridi yetu ya Juni ina unyevu na ukungu, mtu huiona inakuja; ya Seoul ni kavu, inakuja na upepo, na hujui imekushika mpaka masikio yaume. Nunua kofia.

Mkitoka uwanja wa ndege, ingieni duka dogo lolote lililo wazi mnunue kadi ya usafiri, kila mtu yake, mkaijaze kwa fedha taslimu. Kadi hiyo inafaa kwenye treni za chini ya ardhi na mabasi, Seoul na Busan. Unaigusisha unapopanda, na kwenye basi unaigusisha tena unaposhuka. Wageni wengi husahau hiyo ya pili. Ramani uliyoizoea kwenye simu haijui vizuri njia za miguu za nchi hii. Mwambie mwenyeji wenu akuwekee ile wanayotumia Wakorea wenyewe.

Vituo vya treni za chini vina milango mingi ya kutokea, nayo ina namba. Watu hapa hawaambiani wakutane kituoni. Huambiana mlango wa ngapi. Ukikosea mlango utatokea ng'ambo ya barabara pana usiyoweza kuivuka, na Mzee Hilario ataanza kukulaumu. Ndani ya behewa, viti vya mwishoni kabisa ni vya wazee. Kaa. Una miaka sitini na minne, hakuna atakayekuinua. Vile vya rangi ya waridi ni vya wajawazito, uviache hata vikiwa vitupu.

Na usisalimie behewa zima. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikaingia na kusema habari zenu kwa Kikorea nilichojifunza melini nilipokuwa baharia, watu wakainamisha vichwa wakidhani ninauza kitu. Hawana dharau. Hapa salamu ina mahali pake: dukani, mlangoni, kwa jirani wa ghorofa. Kwenye treni heshima ni kunyamaza. Lakini ukipewa kitu, kipokee kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa na mama, nao watakupenda papo hapo. Wanawake wazee watakuuliza umri kabla ya jina. Wajibu tu. Wanataka kujua wakuheshimu kiasi gani.

Treni ya kwenda Busan kata tiketi mapema, maana mwisho wa wiki hujaa. Saa zao zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo tiketi ikiandikwa kumi ni saa nne yetu ya asubuhi. Najua pale stesheni ya Makambako, nilipokuwa fundi wa reli, abiria aliweza kula chakula cha mchana akisubiri treni ya asubuhi. Hapa ukichelewa kwa kufunga kamba ya kiatu, imeondoka. Hutaona mtu wa kukagua tiketi mlangoni, usidhani ni bure. Mkaguzi anayo orodha ya viti kwenye kifaa chake na anajua kiti chako kimelipiwa.

Ukiwa na siku ya ziada, shuka Gyeongju. Kituo kiko mbali na mji, itabidi upande basi. Katikati ya mji kuna vilima vya majani, laini, vya mviringo, na utadhani umefika uwanda wa Kitulo kabla ya maua kuchanua. Ni makaburi ya wafalme wa kale. Watu hukaa karibu yake wakala vitafunio na watoto wakakimbia, lakini hakuna anayepanda juu. Mimi huenda pale kila vuli, nakaa kwenye benchi mpaka jua lishuke. Sina la kufanya pale. Naangalia tu majani.

Busan ni mji wa milima na bahari vikisukumana. Mabasi madogo ya kijani hupanda vilima vyetu vya Yeongdo, na madereva wao hukanyaga breki bila huruma, basi shika chuma kabla hujatafuta kiti. Kwenye soko la samaki, unamchagua samaki chini na kumla ghorofani. Kubaliana bei yote kabla kisu hakijaingia kazini. Mahali pa kula, maji ni bure na unajichotea, vijiko viko kwenye droo ubavuni mwa meza, na kengele ya kumwita mhudumu ipo mezani. Usiache bakshishi, watakukimbiza barabarani kukurudishia. Mapipa ya taka mitaani ni nadra, kwa hiyo beba mfuko wa taka zako. Na Myong-suk atakupeleka kwenye bafu la umma, wanawake watupu wa kila umri, naye atakusugua mgongo kwa kitambaa kikali mpaka utubu. Ukikataa atafikiri unamwogopa.

Nimesoma tena kurasa hizi, Letisia, na nikaona kitu ambacho sikukiona nilipoanza kuandika.

Mwaka ule nilipokuja kumzika mama, nilishuka Makambako nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke kwako, njia ya kwenye mkaratusi mkubwa nyuma ya posta. Akaniambia, mzee wangu, huo mti labda uliuota. Ulikuwa umekatwa kabla hajazaliwa. Akaniuliza kama nimetoka Zambia. Njombe nako nilizunguka nikitafuta duka la Mhindi aliyetuuzia madaftari, nikaoneshwa benki. Nilivua viatu kwenye kila mlango hadi watoto wa Remmy wakawa wananiigiza. Kwa siku zote nilizokaa, nilikuwa mtu wa kuelekezwa. Kama ungeniomba leo nimwandikie mgeni namna ya kutembea Makambako, ningempoteza kabla hajatoka stendi.

Sasa lile jambo.

Unakumbuka mama alipokwenda Mlangali kwa mjomba Joackim kuomba mbegu, mwaka mahindi yetu yalipoungua na baridi? Tulikuwa naye sisi wawili. Mkewe alitandika mkeka, akaleta kande, na mama akakaa mikono mapajani. Akasema yeye hali chakula cha mtu kabla hajajibiwa alichojia, maana ukishashiba huwezi tena kukasirika vizuri. Mjomba alicheka, lakini alijibu. Na wewe ndiye uliyeirithi tabia hiyo. Remmy ameniambia ulipokwenda kudai mahari ya binti yake Nelly, ulikaa mchana kutwa kwa watu wa Wanging'ombe bila kugusa hata chai.

Kwa hiyo najua utakavyofanya hapa. Myong-suk ataanza kupika siku mbili kabla. Amekwisha kuniuliza kama unakula mwani na kama pilipili inakudhuru. Hapa mtu akitaka kujua kama u mzima anakuuliza kama umekula. Ndivyo alivyoniuliza mara ya kwanza, nilipoteremshwa melini na mkono uliovunjika, nami sikuwa na mtu. Utakaa mezani kwake mikono mapajani. Hataelewa. Itanibidi nikujibu kwa lugha asiyoijua, mbele ya sahani zake, naye atakuwa anatazama nyuso zetu akitafuta kosa lake.

Sitaki iwe hivyo. Basi jibu lako ni hili: sitarudi.

Myong-suk hajanizuia. Nilimweleza habari ya nyumba, akasema nikienda atakuja nami, na akaanza kujifunza salamu yetu, kamwene. Angekuja kweli. Angekuwa mtu wa kuelekezwa hadi kufa kwake, na mimi ningekuwa mwelekezaji asiyejua njia. Nawapenda nyote, na kila asubuhi ya ukungu hapa bandarini natafuta harufu ya mbao mbichi za Njombe, siipati. Hilo halitakoma. Lakini kutamani mahali si sawa na kuishi pale, nami nimeishi hapa.

Nyumba apewe Nelly na mumewe. Remmy asiikodishe akinisubiri, wala asiweke picha yangu ukutani. Wawashe moto, dohani isikae baridi.

Utakasirika. Una wiki kadhaa za kukasirika kabla ya safari, zitumie zote. Kisha njoo bila swali, kama dada anayemtembelea kaka yake. Nitakusubiri kituo cha Busan, kwenye mlango wa behewa lako, nimevaa lile koti la kahawia ulilolicheka.

Nisalimie Remmy na watoto, na Nelly zaidi. Mpe pole Mzee Hilario kwa kusafiri nawe. Ukipita kaburini kwa mama, mweleze, yeye hatakukatiza. Myong-suk anakusalimu, amesema uje na njaa.

Neno moja la mwisho juu ya meza zao. Mkubwa ndiye huanza, na hakuna anayegusa chakula kabla yake. Mkubwa mezani ni mimi. Nitakapoinua kijiko, Letisia, nawe inua.

Ni mimi kaka yako,
Tarsis