Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Hosteli, Mtanda, Lindi
3 Juni 2024

Shikamoo mama. Hamjambo huko? Mimi mzima, ila nimechoka. Simu imeharibika, ndiyo maana naandika.

Wiki ya tatu hatulali. Stefania, mwenzangu wa kitanda cha chini, anakohoa mpaka alfajiri, na chumbani tuko wanane. Tumemtengea kikombe, nimekifunga uzi mwekundu kisichanganyike. Dirisha tunalifunga, wezi wanachokoa nguo kwa fito.

Mwanao, Kidawa

Milola
9 Juni

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi, mgongo tu na palizi ya mikorosho. Dada yako Hamida kajifungua wa kiume.

Lakini wewe mtoto wewe! Kumtengea mgonjwa kikombe! Ndivyo nilivyokulea? Kata huo uzi, umpeleke hospitali.

Mama yako

Lindi
30 Juni

Shikamoo mama. Pole na mgongo. Mimi si mzima.

Barua yako ilifika Stefania keshaondoka, karudi kwao Kilwa bara bila kuaga. Kikombe alikiacha juu ya kitanda changu. Kisha nesi akaja kutupima makohozi. Ni kifua kikuu. Wanne tunacho, nami nimo. Alipoona kile kikombe akafoka: ugonjwa huu unapita hewani! Akalifungua dirisha mwenyewe.

Mama, naona aibu. Tulimfukuza kwa kikombe bure, na sasa yuko huko bila dawa, nimempigia kwa simu ya kuazima, hapokei. Dawa yangu ni ya miezi sita. Nyumbani siji, kuna kichanga.

Mwanao, Kidawa

Milola
7 Julai

Pole mwanangu, nimelia. Nimeuliza zahanati: meza dawa, nesi akikuruhusu uje. Baba yako kapanua dirisha la chumba chako, Hamida na mtoto wamehamia chumbani kwangu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mtafute Stefania kwanza.

Mama yako

Kilwa
24 Julai

Shikamoo mama. Nesi kaniruhusu, nikapitia huku. Barua hii itanitangulia.

Nimemkuta Stefania. Amekonda mno. Tulikaa nje, nikamwomba radhi. Kesho nampeleka zahanati, kakubali. Nikamtolea kikombe chake, uzi nimeshaukata. Akakitazama, akakisukuma. "Hapa kwetu tunavyo vikombe," akasema, akaenda kunywa maji kwa kata ya mama yake.

Basi narudi nacho. Ndicho nitakachomezea dawa, miezi yote iliyobaki.

Mwanao, Kidawa