Kamera Ndogo Yapita Maganzo

Shikamoo dada Neema,

Mdogo wako nimefika Shinyanga salama, vumbi hadi kwenye meno. Kule Mwanza niliiacha kamera kubwa dukani, nikanunua ndogo ya kuingia mfuko wa shati, isinisumbue kwenye baiskeli. Kumbe nimejitafutia balaa! Kila shimo naipapasa kama bado ipo. Madalali wa almasi pale Maganzo wakaniona napapasa mfuko, wakanizunguka: “Kaka, toa jiwe tuelewane.” Nikawatolea kamera. Wakacheka, wakataka picha mpaka filamu ikaisha.

Mmoja tu hajaamini. Kanifuata kwa baiskeli hadi hapa posta, na anang’ang’ania kubandika stempu mwenyewe, nisije nikaficha kitu chini yake.

Wakumbatie wapwa zangu wote. Stempu ikiwa imekaa upande, ujue ni yeye.

Masanja