Mlo Mmoja kwa Siku, na Upawa Wangu

Kitanda cha dirishani,
Wodi ya Wanaume, ghorofa ya pili.
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwenye simu niliitoa huku unalia, sina hakika kama uliisikia. Hujambo? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wameshaizoea baridi ya huko, au bado wanalala na makoti? Na ule mgongo unaokusumbua ukisimama sana kazini, umetulia? Nijibu yote, moja moja, usiniruke kama kawaida yako.

Mimi sijambo. Mshono unavuta nikicheka, na kitanda cha jirani yupo mzee ambaye kazi yake hapa wodini ni kuwachekesha watu walioshonwa. Nateseka, lakini ni mateso matamu. Mziwanda wetu naye hajambo, na hilo nitalirudia mbele.

Habari kubwa unayo tayari. Figo yangu ya kushoto imehamia kwa mdogo wetu na inafanya kazi. Hiyo mumewe alikupa kwa simu siku ileile. Leo nataka nikusimulie nilivyofika kwenye ile meza ya upasuaji, kabla wengine hawajakusimulia vibaya, hasa wifi yako. Usikie kwa mshindi mwenyewe!

Unakumbuka tulikoanzia. Damu yako ilipokataa kupatana na yake ulilia mpaka ukapoteza sauti. Yangu ikapatana, chanda na pete. Nikajipiga kifua, nikamwambia daktari anipasue hata leo. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, macho yakarudi kukaa tumboni. Akasema, "Mzee, wewe ni mnene mno. Nikikupasua hivi ulivyo naweza kuwapoteza wote wawili. Punguza kwanza, halafu uje." Akanionyesha kwenye mizani mahali mshale unapotakiwa kufika. Dada, palikuwa mbali! Na mdogo wetu alikuwa ameketi palepale, ametoka kusafishwa damu, miguu imevimba, viatu ameshika mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na unene wangu wote.

Ukaja wewe na ushauri wako. Kula mara sita, kidogo kidogo, tumbo lisikae tupu. Ulikoutoa sijui, lakini wewe ni mkubwa, nikatii. Ulichosahau ni kwamba unamwambia mpishi wa chuo. Mimi napikia mamia ya wanafunzi, macho yangu yamezoea karai. Kidogo changu ni sinia la mtu mwingine. Basi nikala mara sita, na mara zote sita nikashiba. Mshale ukapanda. Sikukuambia wakati ule, nilikuonea huruma. Sasa tumeshinda, acha nikucheke kidogo.

Halafu yule mtunza stoo wetu, mwembamba kama ufito, akaniambia siri yake ni mlo mmoja tu kwa siku, jioni. Nikaubeba huo. Asubuhi nanywa maji natoka. Mchana sikai mezani na wenzangu. Jioni naketi na wifi yako, nakula sahani moja, basi. Wifi yako akanionea huruma, akataka kunifungia mkate kwenye mfuko wa koti. Nikamwambia mama, usinirudishe nyuma, mtu ana kazi ya kuokoa ndugu yake. Nilijisikia shujaa. Chuo kizima kilijua kwamba mpishi mkuu anakula mara moja kwa siku.

Na mshale? Umeganda kama umepigiliwa msumari. Haukupanda, haukushuka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli, Dada, sikufichi. Mdogo wetu alikuwa ameshaacha saluni kwa sababu hawezi kusimama kumsuka mtu kichwa kizima. Kila nikienda kumwona alikuwa amepungua yeye, mimi nipo palepale. Anayetakiwa kupungua hapungui, asiyetakiwa ndiye anayeisha.

Kliniki kuna binti mmoja wa mambo ya lishe, mpole, sauti ya chini. Akaniuliza kama kweli nakula mara moja. Nikawaka! Nikamwambia mimi mtu mzima, siwezi kudanganya juu ya uhai wa ndugu yangu, amuulize mke wangu. Hakukasirika. Akasema, "Baba, sijasema unadanganya. Nasema kuna mahali chakula kinaingia na wewe hukioni." Nilitoka bila kuaga.

Sasa sikia maajabu. Nikashikwa na mafua, yale ya kuziba pua mpaka ulimi unakufa. Chumvi na sukari kwangu vikawa kitu kimoja. Na jikoni kwetu kuonja si mchezo. Fundi aliyenifundisha kazi alinizuia kuonja chakula cha watu wengi kwa ncha ya kijiko. Unachota upawa mzima kutoka chini ya sufuria, unamimina kwenye bakuli, unachovya mkate, unatafuna taratibu. Sisi tunaita kusikiliza sufuria. Unasikiliza viungo vikiingia, unasikiliza katikati, unasikiliza kabla ya kupakua, na sufuria ziko nyingi. Ila jikoni kuonja hakuhesabiwi kula. Muulize mpishi yeyote aliyeonja tangu alfajiri, atakuapia kwamba njaa inamuuma na hajatia kitu mdomoni. Wala hasemi uongo, ndivyo tulivyozoea kuhesabu.

Basi nikamkabidhi msaidizi wangu kazi ya kusikiliza. Ni yule mama tunayemwita Radi kwa ajili ya sauti yake. Akaifanya kwa moyo mmoja, upawa ule ule, bakuli lile lile. Mafua yalipokuwa yanaisha nikarudi kliniki. Mshale ulikuwa umeshuka! Nesi akaniambia nishuke, nipande tena. Umeshuka kweli. Nikasema basi ni ugonjwa, utarudi.

Siku chache baadaye Radi akaja kazini amefunga sketi kwa pini. Akasimama katikati ya jiko, akatupa kitambaa mezani. "Jamani, mimi sisikilizi tena sufuria za bosi! Sijala, nimeonja tu, na sketi mbili zimenikataa! Mume wangu ananiuliza nani ananilisha!"

Jiko zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Upawa nilikuwa nao mkononi, nikautazama, nikatazama tumbo langu. Kikulacho ki nguoni mwako, Dada. Jasho likanitoka, na si la moto wa jiko.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa yule binti bila kuitwa, upawa nimeufunga kwenye gazeti. Nikauweka mezani kwake, nikamweleza kila kitu, na msamaha nikaomba. Akaniambia nichote maji bombani kama ninavyochota mchuzi, nimwage kwenye beseni, nirudie kwa kila sufuria ya siku moja. Beseni lilipoanza kujaa akafunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka! "Baba," akasema, "huo mlo wako mmoja ulikuwa wa ngapi?"

Akanieleza vizuri, nami nakueleza wewe ili usiendelee kupotosha watu huko. Mara ngapi kwa siku si hoja yenyewe. Yuko anayepungua kwa kula mara mbili, yuko wa mara tano. Kinachohesabiwa ni vyote vilivyopita kooni tangu asubuhi mpaka usiku, na mpango ambao mtu anaweza kuushika bila kuchanganyikiwa. Ila kwangu mimi kukaa bila kula asubuhi kulikuwa kosa, maana nilikuwa nafika kwenye sufuria na njaa. Mwenye njaa haonji, anakula. Akanipangia mara tatu. Asubuhi nile nyumbani kabla sijatoka, mayai na matunda. Mchana niketi mezani kama binadamu, sio wima na kifuniko mkononi. Jioni sahani ndogo, mapema. Na kuonja ni kwa kijiko cha chai, tena kwa zamu na Radi.

Kijiko cha chai! Mtu mzima, mpishi mkuu, nashika kijiko cha mtoto mbele ya sufuria inayonifika kiunoni. Mwanzoni nilikosea. Siku moja supu ilitoka haina chumvi kabisa, wanafunzi wakagonga meza, mmoja akauliza kama hayo ni maji ya kuoshea vyombo. Iliniuma. Lakini nikapiga moyo konde, nikajifunza. Kumbe ulimi ulioshiba unasikia vizuri kuliko ulimi wenye njaa. Sasa wanasema mchuzi wangu haujawahi kuwa mtamu hivi.

Na mshale ukaanza safari. Taratibu, lakini haukusimama tena. Haba na haba iliyojaza kibaba ndiyo hiyohiyo iliyokipunguza. Wifi yako akawa anapeleka suruali zangu kwa fundi cherehani kupunguza kiuno, mpaka fundi akamwambia mama, mifuko ya nyuma imekutana, mnunulie nyingine. Wewe mwenyewe nilipokutumia picha ulipiga simu unauliza naumwa nini.

Siku ya kupimwa mdogo wetu alikuja nami, ameshikwa mkono na mumewe. Nikavua viatu, nikavua mkanda, nikavua hata saa. Mshale ukafika pale alipoonyesha daktari. Ukapita! Daktari akautazama, akanitazama, akanipa mkono. Nikacheza pale koridoni, Dada, nimeshika suruali isianguke, nesi ananiambia baba hapa ni hospitali. Mdogo wetu akacheka kicheko chake kile cha utotoni, cha kukoroma puani. Nilikuwa nimekisahau.

Nisalimie shemeji, umwambie tai aliyonitumia sasa inanifunga shingoni bila kuninyonga. Wapwa zangu wabusu. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu. Wifi yako anakusalimu sana, na Radi pia, ingawa hamjuani, amesema lazima umjue.

Limebaki la mziwanda. Jana walinipeleka wodini kwake kwa kiti cha magurudumu. Unajua tangu figo zake zilale alikuwa anapimiwa maji, kikombe kidogo cha kutwa nzima, kiu ikizidi ananyonya kipande cha barafu. Nesi akaingia na jagi, akamjazia glasi mpaka juu, akampa. "Kunywa. Figo hiyo inataka maji."

Mdogo wetu akaishika kwa mikono miwili. Akamtazama nesi. "Yote?"

"Yote."

Akanywa, macho amefumba, maji yanamchuruzika kidevuni, mpaka glasi ikabaki tupu. Mumewe alikuwa amegeukia ukutani. Mimi nimelisha watu maisha yangu yote, nimeona waliolamba sahani na waliogombania ukoko, lakini sijapata kuona mtu akionja kitu namna ile. Akashusha pumzi, akaninyooshea glasi.

"Kaka, naomba nyingine."

Nikashika jagi mwenyewe, mshono unavuta, nikammiminia mpaka ikafurika.

Mungu akulinde huko uliko, Dada, akurudishe salama utuone wote tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mpishi